Jumatano ya Nne

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na wengi wao walistahili. Nasema mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za mwanamke mpole aliyeteleza siku moja. Mimi si mpole. Naitwa Solfrid, nina miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na mmoja nimeongoza kundi la familia katika kliniki ya vijana ya mji wetu kando ya ziwa Mjøsa, kila Jumatano kuanzia saa kumi jioni. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wazazi wasiwadharau watoto wao. Chekeni tu, sina kinyongo.

Tiba yenyewe ina jina refu la vitabuni, na aliyelibuni hakuwahi kulitamka mbele ya msichana wa miaka kumi na sita. Kiini chake ni kwamba mambo mawili yanayopingana yanaweza yote kuwa kweli. Mtoto anafanya kila awezalo, na bado inampasa afanye zaidi. Mzazi anampenda mwanawe, na bado anamuumiza. Vijana wetu ni wale ambao hisia zikiwapanda hawana pa kuziweka. Wengine wanajikata, wengine wameshajaribu makubwa zaidi. Tunawafundisha stadi za kuvumilia saa mbaya bila kujidhuru, na mzazi anakaa kiti cha pembeni kujifunza stadi zile zile. Hakuna maana ya kumwogesha mtoto kisha ukamrudisha kwenye tope.

Na tuna sheria. Familia ikikosa Jumatano nne mfululizo, imejitoa yenyewe: haina kundi, haina mtabibu, haina namba ya simu ya kupiga mambo yakichacha. Hakuna kubembelezana, na foleni ya kurudi ni mwaka mzima. Sheria hiyo niliikuta. Kipande kimoja tu nilikiongeza kwa mkono wangu: kiti cha mzazi kikiwa kitupu, hata kama mtoto yupo, familia haipo. Nilikuwa nimechoka na wazazi wanaomshusha mtoto mlangoni kama nguo za dobi, kisha wanarudi saa kumi na mbili kuuliza kama zimetakata.

Mwaka huu, Januari, tulianza na familia tano. Wa kwanza kuniudhi alikuwa Vigdis, mama yake Sindre. Vigdis alikuwa mwanafunzi bora. Alikuja na vikadi alivyovipitisha kwenye mashine ya plastiki, vimetobolewa na kufungwa kwa pete, na kila stadi ilikuwa na rangi yake. Sindre akisema lolote, hata kwamba ana njaa, Vigdis aliinamisha kichwa na kujibu, "Nakusikia mwanangu, na inaeleweka kabisa ujisikie hivyo." Sindre alivuta kofia ya sweta mpaka puani. Nikamwona yule mama alivyokuwa akinitazama baada ya kila sentensi, akingoja alama, nikatamani nimpe peremende nimfukuze.

Wa pili alikuwa Asbjørn. Huyu alikuwa pande la mtu, mwenye kampuni ya mtu mmoja ya kusukuma theluji barabarani, na aliingia darasani na ovaroli lake la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa. Mkewe alihamia Alta, kaskazini kabisa, na mume mwingine. Asbjørn akabaki na binti yao Embla, ambaye Novemba alilazwa wiki tatu. Baba huyo aliketi mikono ameiweka magotini, na kila nilipomuuliza kitu alijibu, "Sawa tu."

Jumatano ile ya kwanza tulifanya zoezi la kukiri hisia. Mtoto anasema kitu kimoja cha kweli, mzazi anajibu kwa kuonyesha kwamba amesikia. Hamna zaidi. Zamu ya Embla ilipofika alitazama viatu vyake akasema, "Nikiwa nyumbani najiona mzigo. Naona bora nisingekuwepo."

Asbjørn akafikiri kwa muda mrefu, uso umemwiva.

"Baiskeli nilikutengenezea," akasema.

Nikacheka. Nitalisema kama lilivyokuwa, sikutabasamu, nilicheka, kwa sauti. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika ubaoni neno BAISKELI kwa herufi kubwa, nikaligeukia kundi. "Haya, tazameni. Mtoto anakwambia anatamani asingekuwepo, wewe unampa habari za gereji. Hivi ndivyo mtu anavyosikiliza bila masikio." Kundi zima likacheka. Vigdis alicheka kuliko wote, kisha akaandika neno hilo kwenye daftari lake. Mimi niliona nimefundisha vizuri sana. Asbjørn alisema, "Sawa tu," na tukaendelea na familia nyingine.

Jumatano iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Embla aliingia peke yake, akaweka mkoba wake juu ya kiti cha baba, akaketi. Dakika tano baadaye tukasikia mngurumo. Nilikwenda dirishani. Chini, kwenye uwanja wetu wa maegesho, Asbjørn alikuwa juu ya lile gari lake kubwa lenye taa ya njano inayozunguka, anasukuma theluji. Alisukuma mpaka kona zote zikawa safi, akazima, akafungua kopo lake la chakula, akala mkate wake na jibini ya kahawia, akitazama mbele. Saa kumi na mbili binti yake akatoka, akapanda, wakaondoka.

Wiki ya pili ya kiti kitupu ikawa vile vile. Wiki ya tatu theluji haikuwa imeanguka hata chembe, lami ilikuwa kavu kama meza, na bado mtu yule alisukuma. Bamba la chuma lilikwaruza lami tupu, na sisi juu tulikuwa katika zoezi la kutulia. Nilisimama dirishani na kikombe cha kahawa, nikamwita Unni.

Unni ndiye mwenzangu katika kundi, na ndiye mtabibu wa Embla wa siku za Ijumaa, wanapokaa wawili tu. Ni mwanamke laini kupita kiasi, anayeomba radhi kwa mlango akiugonga.

"Njoo umwone mjinga," nikamwambia. "Anasukuma hewa."

"Si mjinga, Solfrid."

"Basi niambie anafanya nini."

"Sijui. Hujamuuliza, na mimi sijamuuliza."

Kila Jumatatu sisi watabibu tunakaa wenyewe, na mmoja anashika kengele ndogo. Ukimsema mgonjwa au mzazi kwa kumhukumu badala ya kueleza alichofanya, kengele inalia, unajirekebisha. Ni desturi ya tiba hii, kwa kuwa anayefundisha naye ni mtu. Jumatatu iliyotangulia wiki ya nne, kengele ilinililia mara saba. Nilimwita Asbjørn gogo, nikamwita nguruwe wa theluji, na nilipomwita baba wa kukodi, Unni aliitikisa kengele mpaka nikadhani itamponyoka.

"Mtoto ana siku arobaini na moja hajajidhuru," akasema. "Arobaini na moja! Hajawahi kufika hata kumi. Keshokutwa baba asipokaa kwenye kile kiti, tunamtoa. Mpigie simu huyo mtu."

"Barua amepelekewa. Mbili."

"Mpigie."

"Sheria ikishabembeleza mmoja, inawadanganya wote," nikajibu. Lilikuwa jibu zuri, na wenzangu wawili waliitikia kwa kichwa. Moyoni, kusema kweli, nilikuwa nangoja kwa hamu. Nilitaka yule mtu ajue kwamba dunia haiendeshwi kutoka juu ya gari.

Basi ikaja Jumatano ya nne. Nje ilikuwa baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Nilimgawia kila mtu chenza moja. Zoezi la kutulia siku hiyo lilikuwa kulitazama chenza dakika tano kana kwamba hujawahi kuliona. Wakaanza kutazama. Nje chuma kikaanza kukwaruza. Kiti cha Asbjørn kilikuwa na mkoba wa Embla.

"Nazisikia kelele," Vigdis akalinong'oneza chenza lake, kwa sauti ya kusikika na wote, "na ninaziruhusu ziwepo." Sindre alikuwa ameshalimenya lake na kulila.

Baada ya hapo tukaingia kazi ya nyumbani. Wiki hiyo ilikuwa stadi ya kuomba: unaeleza lililotokea bila kuongeza chumvi, unasema unavyojisikia, unaomba waziwazi, unasema kitapatikana kitu gani mtu akikubali. Na katika yote hayo hutukani wala hupotezi njia. Nikauliza nani ana ombi la kweli la kujaribia. Embla akanyoosha mkono. Hajawahi kunyoosha mkono.

"Unamwomba nani?" nikauliza.

"Wewe."

Nikasema karibu, na nikatabasamu kwa wote, vile mwalimu anavyotabasamu akiguswa na mwanafunzi. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaifungua, akasoma bila kuinua macho.

"Wiki ya kwanza nilisema najiona mzigo. Baba akasema alinitengenezea baiskeli. Ukacheka, ukaandika ubaoni." "Hukuuliza baiskeli ilikuwa na nini."

"Embla, zoezi hili—"

"Bado naeleza lililotokea. Ulisema nisiruhusu mtu anitoe njiani." Akasoma tena. "Haikuwa na breki. Nilizitoa mimi, Oktoba. Kutoka kwetu barabara inashuka moja kwa moja mpaka kwenye reli. Sikumwambia mtu yeyote. Niliporudi kutoka shule siku ile nikakuta breki mpya zimefungwa, mbele na nyuma. Baba hakuuliza kitu. Ila kuanzia siku hiyo alikuwa ananipeleka shule na kunirudisha kwa gari lile, kila siku, mpaka nilipolazwa. Mimi nikajifanya sijui kama anajua. Aliposema pale ile sentensi, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisema. Alikuwa ananijibu. Mimi nilimwelewa."

Hakuna aliyetazama chenza sasa. Vigdis alikuwa ameshika kikadi, haelewi ni kipi.

"Najisikiaje," Embla akaendelea. "Nina aibu, kwa sababu hata mimi nilicheka. Kidogo. Wote mlikuwa mnacheka. Na nina hasira na wewe, kwa sababu unamtazama baba vile watu wanavyonitazama mimi mikono ikiwa wazi. Ombi langu: nenda nje ukamwombe radhi. Leo. Ukikubali, huenda akaingia, na mimi sitatolewa. Nisipotolewa, naona naweza kufika siku mia."

Akakunja karatasi mara nne tena. Kila hatua alikuwa ameifuata. Kwa miaka kumi na mmoja sijaona mtu aliyeifanya stadi ile vizuri namna hiyo.

Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu. Mawazo matatu yalinijia, yote machafu. La kwanza: kwa nini asingeyasema haya Ijumaa kwa Unni? La pili: sasa Vigdis ameniona nikisahihishwa. La tatu lilikuwa jibu zuri, nilikuwa nalo tayari ulimini, lenye busara, lenye neno "inaeleweka" ndani yake. Nikasikia kwamba nilikuwa karibu kuongea kama Vigdis. Nikaweka kalamu chini, nikatoka bila koti.

Mpaka nafika uwanjani pua ilikuwa imeganda kwa ndani. Gari lilikuwa linarudi nyuma likipiga mlio. Nikasimama nyuma yake nikipunga mikono mpaka likasimama. Asbjørn akafungua mlango, akanitazama kutoka juu.

"Toka hapo nyuma, mama wee. Sikuoni, nitakukanyaga."

"Nimekuja kuomba radhi," nikapiga kelele, maana injini ilikuwa inanguruma.

"Eh?"

"Radhi! Samahani kama uliumia siku ile."

Akazima injini.

"Kama?" akasema.

Nimewasahihisha wazazi mia kwa neno hilo hilo. Hakuna msamaha wenye "kama" ndani yake, nimesema mara ngapi.

"Nilikucheka," nikasema. "Ulikuwa unamjibu mwanao jambo kubwa, mimi sikuuliza, nikakucheka na nikawafanya wengine wakucheke. Halafu wiki tatu nimesimama pale dirishani nikaendelea. Ilikuwa dharau, haina jina jingine. Embla ametueleza habari za breki."

Uso wake haukubadilika, ila alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mbele ya wote."

"Ehe." Akatazama dirisha letu juu. "Huwa hasemi, yule. Hilo karithi kwangu."

"Asbjørn, usipoingia leo anatolewa."

"Anatolewa wapi?"

"Kwenye tiba. Jumatano nne kiti kikiwa kitupu. Umepelekewa barua mbili."

"Barua gani? Ile ya kwenye simu, ya serikali? Ile siifungui mimi, imejaa kodi." Alikuwa ameshaanza kushuka, kisha akasimama kwenye ngazi. "Lakini si nipo? Kila Jumatano nipo hapa. Nani alisema sipo?"

"Kinachohesabiwa ni kiti."

"Mi nilidhani tumeelewana," akasema, na kweli alishangaa, alishangaa kama mtu aliyeibiwa. "Kule ndani sifai, nimeona. Sasa huu uwanja wenu ulikuwa barafu tupu, watu wanaanguka. Nikasema basi, huo ndio mchango wangu. Kwetu mtaani siku ya msaragambo, wote tukifanya kazi pamoja, asiyejua kuoka keki anabeba mbao. Ameshiriki. Hakuna anayemuuliza mbona hukuoka."

"Na theluji ilipoisha?"

"Ningefanyaje? Ningekaa bure?"

Mtu huyu alikuwa amelipa kiti chake Jumatano tatu, kwa njia pekee aliyoijua, njia ambayo baba yangu mwenyewe aliijua na hakuwa na nyingine. Mimi nimezaliwa hapa hapa. Kila mtoto wa mji huu amelelewa na mwanaume aliyekarabati kitu badala ya kusema kitu. Ningewezaje kutolijua hilo, kama si kwamba sikutaka? Alikuwa hatua thelathini tu kutoka dirishani, na mimi nilikuwa nimesimama na kahawa mkononi.

"Twende," nikasema. "Ingia."

"Naingia." Lakini hakusogea. Alikuwa mtu wa heshima, na aliyatafuta maneno kwa shida. "Usinielewe vibaya. Umekuja, umesema, yamekwisha, sina neno na wewe. Ila wewe ukinitazama, mimi ulimi unakufa. Nakuwa mjinga kabla sijafungua mdomo. Na leo nataka kumwambia kitu yule mtoto. Wewe ukiwa mle sitaweza."

Hakuwa anaweka sharti. Alikuwa ananieleza hali ya barabara. Sharti ningelijibu; nimejibu masharti ya wazazi wakali kuliko yeye. Kundi lile nilikuwa nimelijenga mimi. Unni hajawahi kuliongoza peke yake hata saa moja, na nilimwona tayari akiomba radhi kwa ubao, na Vigdis akiniandikia katika daftari lake: kiongozi ametolewa. Nilitaka kumwambia Asbjørn kwamba nitakaa kimya nyuma, nitatazama sakafu. Nikamtazama usoni kumwambia hivyo, na nikaona tayari ameinamisha kichwa.

"Sawa," nikasema. "Mimi nitabaki nje."

Tukapanda ngazi pamoja. Mlangoni nikamwita Unni kwa kidole, nikampa orodha ya mahudhurio na ufunguo.

"Shika kundi mpaka mwisho," nikamwambia. "Na wiki ijayo pia. Tutaona."

"Peke yangu?" Uso ukamwiva. Kisha akanitazama, sijui aliona nini, akaacha kuuliza.

Asbjørn akapita katikati yetu na ovaroli lake. Niliona tu Embla akiondoa mkoba kwenye kiti, na akiuweka chini polepole. Mlango ukafungwa. Kioo chake kina karatasi nyeupe, ili wapitao wasichungulie, niliiagiza mwenyewe.

Nikakaa kwenye benchi la korido, kati ya buti za watu, meno yakigongana kwa baridi niliyotoka nayo nje. Nikamsikia Unni akisema kitu kifupi. Halafu sauti nzito ikaanza, ikasimama, ikaanza tena, ikaendelea. Ilizungumza muda mrefu sana, pengine dakika kumi, mtu yule wa "sawa tu". Sikupata hata neno moja. Nilisogea karibu na mlango, si kwa ajili ya maneno, nilikuwa nimeshajua hayanihusu. Nilisikiliza kama kuna mtu atacheka.

Hakuna aliyecheka.